Mistari yenye ngazi ngazi kwenye kompyuta: inatoka wapi na unaitoaje kabla hujaprinti

Mwezi wa 12 hapa Moshi ndo msimu wetu sisi wa mabango, watu wanapanda kutoka Dar na kwingine kurudi nyumbani, kuna kipaimara, kuna harusi, kuna sendofu, kila mtu anataka bango na kila mtu analitaka kesho asubuhi. Msimu mmoja kama huo akaja mama mmoja wa Kibosho, anakaanga na kusaga kahawa ya shambani kwake anaifunga kwenye pakiti za robo, akataka bango la mita 3 la kufunga nyuma ya meza yake. Logo akanitumia WhatsApp: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa nyuma, tawi la kahawa mbele. Kwenye simu ilikuwa inapendeza kabisa. Nikaichukua ivo ivo, nikaivuta mpaka ikajaa nafasi, faili likaenda kwenye mashine, jioni bango likarudi. Mama kulifungua akanyamaza kidogo, akapitisha kidole kwenye ubavu wa mlima, afu akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni Kibo au Mawenzi?"

Alikuwa hatanii. Mtu wa huku anajua Kibo ni kile kilele cha mviringo, mita 5,895, mabega yake yanashuka taratibu kama shuka limetandikwa, na Mawenzi ni ile ya pembeni, mita 5,149, imechongoka meno meno. Kibo cha mama kwenye bango kilikuwa na meno kuanzia juu mpaka chini. Nilimfanyia lingine kwa hela yangu, na nikakaa chini nikajifunza hili jambo mpaka nikalielewa, kwa sababu nilikuwa nimefanya dizaini miaka kadhaa bila kujua zile ngazi zinatoka wapi hasa. Nilichokipata ndo hiki naandika hapa.

Skrini ya kompyuta ni vyumba. Chukua daftari la hesabu la mtoto wa shule ya msingi, lile lenye mistari ya kwenda juu na ya kwenda pembeni, hiyo ndo skrini yako ilivyo, ila vyumba ni vidogo na ni vingi. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zina vyumba 1,366 kwa upana na 768 kwenda chini, jumla 1,049,088, na zile za HD kamili zina 1,920 kwa 1,080, jumla 2,073,600. Kila chumba ndo pikseli. Na pikseli moja inabeba rangi moja tu kwa wakati mmoja, huwezi kuiambia nusu yako iwe nyeusi na nusu nyeupe. Mstari wa kweli unapita popote unapotaka, unakata kona ya chumba hiki, unagusa kidogo kile, ila kompyuta ikitaka kuuonyesha inabidi ichague vyumba vizima vizima. Ukiangalia mkanda wa shanga wa Kimaasai utaona kitu hicho hicho, pale pembe tatu inapopanda haipandi kwa mteremko, inapanda shanga moja moja, kwa mbali unaona mshazari ila ukiusogeza machoni ni ngazi.

Usiniamini kwa maneno, chora. Weka nukta katikati ya chumba cha chini kushoto, kutoka hapo hesabu vyumba 15 kwenda kulia na 3 kwenda juu, weka nukta nyingine katikati ya chumba ulichofikia, unganisha kwa rula na penseli nyepesi. Sasa jifanye wewe ndo kompyuta. Nenda safu moja moja kutoka kushoto, kila safu angalia mstari unapopita katikati ya ile safu uko ndani ya chumba gani, chumba hicho kitie wino mzima. Ukimaliza utakuwa umejaza vyumba 3 kwenye mstari wa chini, unaruka juu vyumba 5, unaruka tena vyumba 5, unaruka mara ya mwisho vyumba 3. Jumla 16. Futa ule mstari wa penseli ubaki na wino tu. Hizo ndo ngazi, umezitengeneza kwa mkono wako mwenyewe, na hujakosea popote, umechagua chumba sahihi kila mara.

Hii njia ya kuchagua chumba kilicho karibu zaidi kuna mtu aliiandika vizuri sana. Anaitwa Jack Bresenham, alikuwa IBM, na mwaka 1962 alitafuta namna ya kufanya plota, mashine inayochora kwa kalamu, ipige mshazari wakati kalamu yake inajua tu kusogea hatua nzima nzima. Akapata hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, namba kamili tupu, hakuna desimali wala kugawanya, ikachapishwa mwaka 1965. Kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito kwenye hesabu za desimali kwahiyo hiyo ilikuwa mkombozi, na mpaka leo hesabu yake bado inafundishwa na kutumika. Kabla ya skrini za vyumba kuenea kulikuwa na skrini nyingine za michoro ambazo mwale wa elektroni ulikuwa unaburutwa moja kwa moja kutoka nukta hii mpaka ile, kwenye hizo mstari ulitoka umenyooka bila ngazi, ila zilikuwa hazifai kujaza picha yenye rangi nyingi ndo maana vyumba vikashinda.

Sasa angalia kitu ambacho watu wengi hawakijui. Sio kila mstari unaumia sawa. Mstari uliolala kabisa hauna ngazi, uliosimama wima hauna ngazi. Mshazari wa nyuzi 45 una ngazi lakini kila hatua ni chumba kimoja kulia chumba kimoja juu, zinalingana zote, jicho linazizoea haraka. Anayeumia ni yule aliyekaribia kulala au aliyekaribia kusimama ila hajafika. Mstari unaopanda chumba kimoja kila baada ya vyumba 20 utakuwa na kipande kirefu kimelala, kinaruka ghafla, kingine kirefu kimelala, na zile ruka chache ndo zinaonekana sana kwa sababu zinakaa peke yake. Na mabega ya Kibo ni mteremko wa namna hiyo hiyo. Paa la nyumba lenye mwinuko mdogo ni hivo hivo, waya wa umeme kwenye picha ni hivo hivo, bawa la ndege kwenye logo ya kampuni ya utalii ni hivo hivo. Kwahiyo ukiwa unachora kitu kitakachokaa kwenye skrini ndogo, mfano ikoni, na una uhuru wa kuchagua, mpe mshazari wako nyuzi 45 au hatua zinazolingana, mbili kwa moja, tatu kwa moja, utaona unatulia bila dawa yoyote.

Dawa yenyewe. Rudi kwenye daftari, chora mstari ule ule wa 15 kwa 3 ukurasa mwingine, safari hii tumia penseli laini badala ya peni. Safu ya kwanza mstari uko katikati kabisa ya chumba cha chini, kijaze cheusi. Safu ya pili mstari umepanda kidogo, sehemu moja ya tano ya chumba, kwahiyo chumba cha chini kipe weusi wa asilimia 80 na kile cha juu yake kipe asilimia 20. Safu ya tatu ni 60 chini 40 juu. Ya nne 40 chini 60 juu. Ya tano 20 chini 80 juu. Ya sita mstari umefika katikati ya chumba cha juu, kijaze chote, afu unaanza mzunguko upya. Kwa namba za kompyuta ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe, hizo 80, 60, 40 na 20 zinakuwa 51, 102, 153 na 204. Ukimaliza bandika ukurasa ukutani, rudi nyuma hatua nne tano, kunja macho kidogo. Mstari umenyooka! Mi nilipofanya mara ya kwanza nilimwita dogo tunayefanya naye kazi aje aone, tukaweka ule wa wino na ule wa penseli pembeni kwa pembeni, na bado kurasa zote mbili ziko ukutani ofisini, mteja akibisha namwonyesha.

Huko kwenye programu hiki kitu kinaitwa antialiasingi, na hesabu hii ya kugawana weusi kati ya vyumba viwili ni ya Xiaolin Wu, mwaka 1991. Kumbuka haijaongeza pikseli hata moja. Vyumba ni vile vile, ila vile vya mpakani vimepewa rangi ya kati, na jicho lako ndo linamalizia kazi.

Kwenye programu unaipata wapi? Kwenye Photoshop na GIMP penseli inachora bila kulainisha, brashi inalainisha, watu wengi wanachukua penseli kwa sababu ya jina lake afu wanashangaa. Zana za kuchagua eneo na zana ya maandishi zina kiboksi cha antialiasingi, hakikisha kina tiki. Kama umekata kitu kutoka kwenye picha na ukingo wake umetoka meno, mara tisa kati ya kumi hicho kiboksi kilikuwa wazi wakati unachagua, na ukishakata huwezi kukirudisha kwa kutia tiki baadae, rudi nyuma uchague upya.

Ila kabla hujagusa chochote, pima kwanza ugonjwa, maana mteja akisema "picha imepikseleti" anaweza akawa anamaanisha vitu vitatu tofauti. Fungua faili, zumu mpaka asilimia 800, tafuta ukingo uliolala kidogo. Ukiona nyeusi imekaa mgongo kwa mgongo na nyeupe bila kijivu katikati, hizo ni ngazi za kweli, hakuna aliyelainisha. Ukiona kuna vijivu vya kati ila kila chumba ni kikubwa kama kigae, basi faili lilikuwa zuri ila ni dogo, limevutwa kupita uwezo. Ukiona kuna uchafu, vidoti vidoti vimemwagika pembeni ya ukingo kama unga wa kahawa kwenye kitambaa cheupe, hiyo ni JPEG imebanwa sana, yenyewe inakata picha kwenye vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa taarifa ndogo ndogo, na kila unaposevu upya inatupa tena. Na ukiona hata ukizumu namna gani ukingo unabaki laini unajichora upya, shukuru Mungu, mteja wako kakuletea vekta, yaani mchoro uliohifadhiwa kama maelezo ya mistari badala ya vyumba.

Hapa nijibu na lile swali la kila siku, "mbona kwenye simu ilikuwa nzuri?" Ni kweli ilikuwa nzuri. Simu ya inchi 6.5 yenye pikseli 720 kwa 1,600 ina pikseli kama 270 kwenye kila inchi. Laptopu ya inchi 15.6 yenye 1,366 kwa 768 ina kama 100 tu. Chumba cha simu ni kidogo kiasi kwamba jicho halikioni kabisa, ngazi zipo ila zimejificha kwenye udogo. Sasa ichukue logo yenye upana wa pikseli 320, itanue iwe mita moja kwenye bango. Milimita 1,000 ugawe kwa 320, kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 3 na zaidi kidogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Hiyo mtu anaiona akiwa ng'ambo ya barabara. Na mashine ya bango haina kosa, yenyewe imeprinti vile vichwa vya kiberiti kwa ubora wote iliyonao.

Kuna wanaosema weka tu rezolusheni 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, kwenye programu itapona. Haiponi. Programu ikiongeza pikseli inakisia tu, inaangalia jirani wa huku na jirani wa kule inaweka kitu cha katikati, unapata ukingo uliofubaa badala ya ukingo wenye meno. Kwa picha ya mtu inaweza ikapita, kwa logo haipiti, logo inataka ukingo mkali.

Kwahiyo logo unaichora upya. Najua inaonekana ni kazi kubwa ila Kibo cha mama kilinichukua dakika 20, na mi natumia Inkscape ambayo ni ya bure, haikuulizi leseni. Unaingiza ile picha mbovu, unaifunga kwenye leya yake, yaani tabaka lake, isisogee, unafungua leya mpya juu yake. Bonyeza herufi B upate kalamu ya Bezier. Hiyo kalamu imepewa jina la Pierre Bézier, injinia wa Renault kule Ufaransa, miaka ya 1960 walikuwa wanatafuta namna ya kuielezea kompyuta umbo la bodi ya gari, na walichofanya sio kuhifadhi vyumba, walihifadhi maelezo: anzia hapa, ishia pale, ukitoka elekea huku, ukifika uwe unatokea kule. Maelezo hayana ngazi. Ngazi zinaingia pale tu maelezo yanapogeuzwa kuwa vyumba, na kama unayageuza saa ya mwisho, kwenye saizi halisi unayoitaka, vyumba vinakuwa vingi vya kutosha. Hili ndo jambo ambalo ningependa nilifahamu siku ile mama anakuja.

Mlima mzima una nodi tano tu, yaani nukta tano za kushikilia mstari. Ya kwanza chini kushoto mteremko unapoanza, ya pili ukingo wa kushoto wa kilele, ya tatu katikati ya kilele palipobonyea kidogo, ya nne ukingo wa kulia, ya tano chini kulia. Ukibofya usiachie hapo hapo, buruta panya kuelekea upande mstari unaokwenda, utaona mikono miwili inachomoza kwenye nodi, hiyo mikono ndo inakunja mstari. Makosa ya mtu anayeanza ni kuweka nodi nyingi, kila kibonde anabofya, anamaliza na nodi 60 na mlima una matuta kama barabara ya vumbi baada ya mvua za masika. Weka chache, afu bonyeza N uingie kwenye zana ya nodi, shika mikono uivute mpaka mstari ulale juu ya ule wa zamani. Pale ambapo picha ya zamani ina ngazi usizifuate, pita katikati yake, jicho lako linajua mlima ulitakiwa upite wapi. Ukiridhika ifiche ile leya ya chini, sevu SVG kwa ajili ya kutunza, na kwa mwenye mashine ya bango peleka PDF yenye vekta ndani yake.

Kuna njia ya mkato, unaichagua picha unaingia menyu ya Path unabonyeza Trace Bitmap, programu inafuatilia ukingo yenyewe. Inasaidia, ila ukiipa picha yenye meno inafuatilia meno kwa uaminifu kabisa na kukupa meno ya vekta, ambayo hata uyazumu namna gani yanabaki meno. Kama lazima uitumie, ikuze picha kwanza mara nne kwa njia inayolainisha, ifubaze kidogo, ndo uitrasi, afu upunguze nodi. Hili linauma zaidi kwenye stika. Mashine ya kukatia stika inaendesha kisu kufuata njia uliyoipa, ukiipa ngazi kisu kinakata ngazi, na wakati wa kuchambua ile vinaili, yaani kubandua vipande visivyotakiwa, kila kidaraja kinang'ang'ania. Niliwahi kuchambua stika ya mlango wa gari la watalii zaidi ya saa moja na nusu kwa sababu ya herufi S moja iliyotrasiwa vibaya, mwisho nikaitupa nikaichora upya.

Ukieksipoti kuwa picha, angalia mtego mmoja, Inkscape inaanza na DPI 96, yaani pikseli 96 kwa kila inchi. Kwa skrini sawa, ila A4 kwa 96 ni pikseli 794 kwa 1,123 tu wakati kwa kuprinti unataka 300, yaani 2,480 kwa 3,508. Bango mtu analiangalia kwa mbali kwahiyo mi naweka 100 mpaka 150 kwa saizi halisi. Logo isevu PNG, usiisevu JPEG. GIF nayo kwa logo isiyo na mandharinyuma inakuangusha kwa sababu pikseli yake inakuwa wazi kabisa au imefungwa kabisa, hakuna katikati, ukingo wake lazima uwe na ngazi, PNG yenyewe ina viwango 256 vya uwazi.

Na ukiitoa logo kwenye mandhari nyeupe ukaiweka juu ya kijani unaweza ukaona kamba nyembamba nyeupe imeizunguka. Vile vijivu vya mpakani vilichanganywa na nyeupe ya zamani, vimekuja nayo. Punguza eneo ulilochagua pikseli moja kwenda ndani kabla ya kufuta, au kwenye GIMP tumia ile ya kugeuza rangi kuwa uwazi, inaiondoa nyeupe mpaka ndani ya vijivu.

Dawa hii pia ina mahali haitakiwi. Mstari uliolala wa unene wa pikseli moja, ukiuweka katikati ya mpaka wa vyumba viwili, programu inagawa weusi nusu kwa nusu na unapata mstari wa kijivu wa pikseli mbili, umefifia. Jedwali la bei likionekana kama limeloa maji sababu ndo hiyo. Washa kitu cha kunasa kwenye gridi ya pikseli, mistari iliyolala na iliyosimama ikae kwenye vyumba vyake kamili, kulainisha waachie mishazari na mikunjo.

Nilishaitwa kanisani kwa sababu maneno ya nyimbo kwenye projekta yalikuwa na mikia na ngazi, wakadhani lenzi imekufa. Projekta ilikuwa na vyumba 1,024 kwa 768 na laptopu ilikuwa inaituma 1,366 kwa 768, projekta inajikamua kupanga upya vyumba ambavyo havilingani. Nikabadilisha laptopu itume 1,024 kwa 768, maneno yakakaa. Hata skrini ya mezani ni hivo hivo, kwenye mipangilio kuna saizi imeandikiwa inapendekezwa, iache hapo hapo, ukitaka maandishi makubwa ongeza ukubwa wa maandishi.

Ngazi zina ndugu yake mmoja, ukimjua utaelewa jambo lote kwa undani. Piga picha paa la bati ukiwa mbali, au shati la mistari membamba, ipunguze saizi, utaona mawimbi ya ajabu yanatembea juu ya bati ambayo kwenye bati lenyewe hayapo. Sababu ni kwamba ili mgongo wa bati uonekane unahitaji angalau doti moja kwa mgongo na moja kwa bonde, mbili kwa kila jozi, na kwa usalama zaidi ya mbili. Harry Nyquist aligusa jambo hili mwaka 1928 kwenye mambo ya telegrafu na Claude Shannon akaliweka wazi mwaka 1949. Zikipungua hapo, mistari membamba haipotei, inajitokeza kwa sura nyingine, mawimbi mapana ya uongo, kama mtu aliyejiandikisha kwa jina la bandia, na neno lenyewe aliasingi limetoka huko. Tairi la Hiace kwenye video kuonekana linazunguka kinyumenyume ni jambo hilo hilo ila kwenye muda. Mwaka 1977 Franklin Crow akaeleza kwamba meno ya kwenye picha za kompyuta ni aliasingi pia, ukingo mkali una undani kuliko vyumba vinavyoweza kubeba. Kwa bati tiba ni kupunguza picha kwa njia inayolainisha kwanza, baikubiki (kwenye programu imeandikwa bicubic) au inayofanana nayo, sio ile ya kuchukua pikseli jirani tu. Kama uko na kamera bado mkononi sogea hatua chache mbele au nyuma upige tena.

Wa gemu mnajua yenu, ile namba ya 2x, 4x, 8x kwenye mipangilio ya antialiasingi ni idadi ya sehemu inazopima ndani ya chumba kimoja kabla ya kuchagua rangi, njia nyingine inayoitwa FXAA yenyewe inasubiri picha iishe ndo inafubaza kingo. Kompyuta ikiwa dhaifu anza na FXAA.

Kabla faili halijaenda kwenye mashine nakata kipande. Bango la mita 3 kwa 1 kwa DPI 100 ni pikseli 11,811 kwa 3,937, huwezi kulihukumu ukiliangalia lote kwenye skrini. Nachukua eneo la saizi ya A4 pale penye mteremko mlegevu kuliko yote, napunguza hakuna, nakuza hakuna, naprinti kwenye printa ya ofisini kwa saizi halisi, nabandika ukutani. Naangalia kwa karibu kama urefu wa mkono afu naangalia nikiwa nje mlangoni. Ubavu wa kushoto wa Kibo cha mama ndo kipande cha kwanza nilichokijaribu ivo. Nikampigia simu aje. Akakiangalia muda mrefu, akatoka nje akaangalia na mlima wenyewe maana asubuhi ile mawingu yalikuwa yamefunguka, akarudi akasema, "Hiki sasa ndo Kibo. Niwekee na Mawenzi pembeni yake."

Mawenzi nikaichora kwa nodi 14, zote za kona kali, mikono yote nimeirudisha ndani.